Miche ya kloni: faida ipo, lakini inaingia mfuko wa nani?

Anayekwenda kitaluni kununua miche ya milingoti hukutana na bei mbili kwa kitu ambacho kwa macho ni kimoja. Upande mmoja kuna mche uliotokana na mbegu. Upande wa pili kuna mche wa kloni, ambao huuzwa ghali zaidi, wakati mwingine mara kadhaa ya bei ya ule wa kwanza. Muuzaji atakueleza kuwa wa kloni unakua haraka, unanyooka, na kwamba siku ya kuvuna nguzo shamba zima litakuwa limelingana kana kwamba lilipimwa kwa rula. Hayo yote yanaweza kuwa kweli tupu. Swali la ukurasa huu ni jingine: faida hiyo inaingia mfuko wa nani, na kwa masharti gani?

Nitoe maoni yangu mapema ili msomaji mwenye haraka asipoteze muda. Kloni ni biashara nzuri kwa kampuni yenye kloni nyingi tofauti, yenye wataalamu wake na kiwanda kinachosubiri magogo. Kwa mwekezaji mdogo mwenye ekari tano au kumi, anayenunua kloni moja ambayo hata jina lake haijui, ni sawa na kuweka akiba yote katika hisa za kampuni moja, tena hisa ambazo huwezi kuziuza kwa miaka minane.

Neno lenyewe linatisha bure. Kila aliyepanda muhogo amekwisha kupanda kloni, kwa sababu pingili iliyokatwa kwenye shina la jana ndiyo mmea ule ule wa jana, haukubadilika chochote. Migomba ni hivyo hivyo, miwa ni hivyo hivyo. Mkonge chotara namba 11648, uliotolewa kituo cha Mlingano huko Tanga, umeenea mashambani kwa maotea na vikonyo, si kwa mbegu. Wenye mashamba ya chai huko Mufindi na Rungwe nao wanazijua vizuri tofauti kati ya chai ya zamani ya mbegu na chai ya vipandikizi. Kwa hiyo kloni ya mlingoti ni mti mmoja uliochaguliwa kwa sifa zake, ukakatwa vipandikizi, vikaoteshwa mizizi kitaluni, na nakala zake zikauzwa kwa maelfu.

Mche wa mbegu una hadithi tofauti. Mama yake anaweza kujulikana, lakini baba mara nyingi hajulikani, maana chavua ya mlingoti huletwa na wadudu na ya paini huletwa na upepo. Ndiyo maana ukipanda mbegu za mti mmoja mzuri, watoto hawatalingana: wachache watampita mama, wengi watakuwa wa wastani, na wengine watakuwa vibete. Wataalamu wa kuboresha miti hupunguza bahati nasibu hiyo kwa kuanzisha bustani ya mbegu, yaani eneo ambalo wazazi wote, mama na baba, ni miti iliyochaguliwa. Mbegu ya bustani hiyo si sawa na mbegu iliyookotwa chini ya mti wowote kando ya barabara, na msomaji asikubali kuuziwa moja kwa bei ya nyingine.

Hata hivyo, bustani bora kuliko zote haiwezi kukupa kile inachokupa kloni. Zipo sifa ambazo mti unazo kwa sababu ya namna urithi wa baba na urithi wa mama ulivyokutana ndani yake peke yake. Ukipitia mbegu, mkutano huo unavunjika na kuchanganywa upya. Ukipitia kipandikizi, unanakiliwa wote. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kloni, na si haki kumdanganya msomaji kuwa ni propaganda ya wauza miche.

Mfano mkubwa duniani ni Brazil. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Aracruz, katika jimbo la Espírito Santo, ilikuwa imepanda milingoti mingi kwa mbegu, na ugonjwa wa donda la shina ukaishambulia vibaya. Ndani ya mashamba hayo hayo yaliyougua kulikuwa na miti michache, mingi ikiwa chotara, iliyosimama imara na kukua kuliko wenzake. Watu wa kampuni wakaikata, wakachukua machipukizi ya visiki, wakayaotesha mizizi. Mwaka 1984 Leopoldo Brandão, Edgard Campinhos, Ney dos Santos na Yara Ikemori wa kampuni hiyo walipewa Tuzo ya Marcus Wallenberg ya Sweden kwa kazi hiyo. Leo Brazil ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa massa ya karatasi duniani, na wastani wa ukuaji wa milingoti yake hutajwa kuwa zaidi ya mita za ujazo 30 kwa hekta kwa mwaka. Aracruz yenyewe ilikuja kuwa sehemu ya Fibria mwaka 2009, na Fibria ikamezwa na Suzano mwaka 2019. Karibu na kwetu, Pointe-Noire huko Kongo-Brazzaville walianza kupanda kloni za milingoti katika nyika zao za mchanga mwaka 1978.

Lakini isomeni hadithi ya Aracruz kama mhasibu anavyosoma mizania, si kama tangazo la biashara. Miti ile iliyookoa kampuni ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mashamba ya mbegu. Laiti yangekuwa yamepandwa kloni moja isiyostahimili donda, pasingekuwa na mti hata mmoja wa kuchagua. Na kampuni haikusimama pale. Iliendelea kuzalisha machotara mapya kwa mbegu, kuyajaribu, kuyachuja, na kuziondoa kloni za zamani kila zilipozidiwa na mpya au zilipopatwa na ugonjwa. Kloni ni bidhaa iliyoko dukani. Mbegu ndiyo bohari. Kampuni kubwa ina duka na bohari. Mkulima mdogo ananunua bidhaa moja tu, na bohari haina anuani anayoijua.

Afrika Mashariki tumekwisha kulipia somo hili. Mwaka 1997 Kenya ilianza mradi wa kuleta kloni za milingoti kutoka kampuni ya Mondi ya Afrika Kusini, na kitalu chake kikawa Karura, Nairobi. Kloni zilizopata umaarufu zaidi ni zile zinazoitwa GC, chotara wa grandis na camaldulensis: wa kwanza anasifika kwa kukua haraka, wa pili kwa kuvumilia ukame. Baadaye kloni za jamii hiyo zikafika hata Tanzania. Kwa nchi zenye njaa ya kuni, fito na nguzo, ilikuwa habari njema.

Mwaka 2002 akaonekana Kenya na Uganda nyigu mdogo sana, mdogo kuliko punje ya ulezi, ambaye asili yake ni Australia. Wataalamu humwita Leptocybe invasa. Alifika kwetu kabla hata hajapewa jina hilo la kitaalamu, ambalo alipewa mwaka 2004. Nyigu huyu hutaga mayai ndani ya mshipa wa kati wa jani na kwenye kikonyo chake. Pale penye yai panavimba kinundu, jani linajikunja, na mche mchanga ukishambuliwa sana hudumaa na kuwa kama kichaka. Baada ya muda mfupi akavuka hadi Tanzania. Camaldulensis na baadhi ya machotara wake ndio waliopata taabu zaidi.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Uchunguzi ulionyesha kuwa kloni zenyewe hazikuathirika sawa. Zipo GC zilizojaa vinundu kutoka chini hadi kileleni, na zipo GC nyingine, ndugu zake kabisa, ambazo nyigu alizipita bila kuzidhuru sana. Chukua basi wakulima kumi, kila mmoja na kloni yake moja. Kwa jumla yao hasara inaweza isizidi ile ya wakulima kumi waliopanda mbegu. Wastani ni ule ule! Tofauti iko kwenye mgawanyo. Katika mashamba ya mbegu kila mkulima anapoteza sehemu ya miti yake, kwa sababu ndani ya shamba moja kuna miti dhaifu na miti imara. Katika mashamba ya kloni moja moja, wakulima saba hawapotezi kitu na watatu wanapoteza karibu kila kitu, na hakuna aliyejua mapema kuwa atakuwa miongoni mwa wale watatu.

Mwenye mashamba hamsini yenye kloni ishirini anaangalia wastani, analala usingizi. Mwenye shamba moja haishi na wastani. Anaishi na lile lililompata. Hili ni jambo ambalo wauza hisa wanalieleza vizuri kuliko wauza miche, sijui kwa nini.

Tuje kwenye fedha. Bei hutofautiana kutoka kitalu hadi kitalu, kwa hiyo tuchukue bei za mfano tu, msomaji aweke zake. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 unahitaji miche 1,111 kwa hekta. Mche wa mbegu ukiwa shilingi 150, gharama ni shilingi 166,650. Wa kloni ukiwa shilingi 500, gharama ni shilingi 555,500. Tofauti ni shilingi 388,850. Ukiitoza tofauti hiyo riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ambayo si riba kali kwa mtu anayekopa, baada ya miaka 8 inakuwa kama shilingi 963,000. Hiyo ndiyo ziada ambayo hekta moja ya kloni lazima ikuletee juu ya ile ya mbegu ili mradi utoke sare. Kwa shamba la nguzo linalotunzwa vizuri, ziada hiyo inawezekana. Aidha, mlingoti ukikatwa unachipua, hivyo gharama ya mche inaweza kugawanywa kwa mavuno mawili au matatu. Hilo ni jema, ila lina upande wa pili: umefungwa na kloni ile ile kwa miaka 16 au 24, wakati vitalu vinatoa mpya na wadudu hawasubiri.

Sasa piga hesabu hiyo hiyo kwa mti wa miaka 20. Shilingi 388,850 zile zinakuwa zaidi ya shilingi milioni 3.7 kwa hekta. Nayasema haya kwa ajili ya wale wanaoshawishiwa kununua miche ya mitiki ya kloni. Ni kweli mitiki ya kloni ipo duniani na mashina yake hunyooka vizuri, na ni kweli mbegu za mtiki ni sumbufu kuota. Lakini riba inakula taratibu kama mchwa, na anayekuonyesha picha ya mtiki wa miaka mitano hajakuonyesha mbao. Umri mrefu unadai ziada kubwa mno, au tofauti ndogo ya bei kitaluni. Kama muuzaji hana moja kati ya hayo, ngoja.

Kwa paini, mti wa mbao unaotawala Sao Hill na mashamba ya watu binafsi Mufindi, Kilolo na Njombe, jibu langu ni jepesi zaidi: nunua mbegu bora. Paini haikubali kunakiliwa kwa urahisi kama mlingoti. Mti mama ukizeeka, vipandikizi vyake vinagoma kutoa mizizi au vinakua kwa tabia ya uzee, na wakati unapomaliza kuujaribu shambani na kujua kuwa ni mzuri, tayari umezeeka. Kwa hiyo hata huko wanakotumia vipandikizi vya paini, kama Afrika Kusini kwa chotara wa patula na tecunumanii anayestahimili vizuri zaidi kuvu la Fusarium circinatum linaloua miche ya patula, kwa kawaida huvitoa kwenye miche michanga ya mbegu bora. Wanazidisha familia nzuri. Si nakala za mti mmoja uliokwisha kuthibitishwa.

Kuna sababu nyingine ya kuipenda mbegu kwenye paini, na hii haisemwi sana. Shamba la mbao hupandwa miche mingi kuliko itakayovunwa mwishoni. Mwenye kufuata utaratibu hupunguza miti mara moja au mbili, akiondoa iliyopinda na iliyobaki nyuma, na zaidi ya nusu ya iliyopandwa huwa imetoka kabla ya mavuno ya mwisho. Kwenye shamba la mbegu kule kutolingana kunakolalamikiwa kunageuka kuwa nafasi ya kuchagua: unabaki na miti bora ya shamba lako, katika udongo wako. Kwenye shamba la kloni moja unapopunguza hakuna cha kuchagua, maana yote ni mti mmoja. Tatizo letu ni kwamba wengi hawapunguzi kabisa, halafu wanavuna miti michanga mara dalali wa kwanza anapopiga hodi. Mtu wa namna hiyo hata umpe mche wa dhahabu hautamsaidia.

Soko nalo lina neno lake. Nguzo hununuliwa kwa madaraja ya urefu na unene, kwa hiyo shamba lililolingana ni mali: mnunuzi anakuja mara moja, anakata, anapakia, gharama zake ni ndogo na anaweza kukulipa vizuri. Hapa kloni inashinda. Lakini wanunuzi wakubwa wa nguzo ni wachache, na mashirika ya umeme, Tanzania na Kenya pia, yamekwisha kuanza kutumia nguzo za zege katika baadhi ya njia zao. Shamba la mbegu linatoa mchanganyiko: nguzo kiasi, mirunda ya wajenzi, fito, kuni za kukaushia chai na tumbaku. Mchanganyiko huo haupendezi machoni, ila unakupa wateja wanne badala ya mmoja. Tena kwa moto, ambao ndio adui mkubwa wa mashamba ya nyanda za juu, kloni na mbegu zinaungua sawasawa. Fedha uliyoongeza kitaluni huenda ingefanya kazi zaidi kwenye barabara ya kuzuia moto.

Upo pia utapeli ambao lazima utajwe. Watu wanakusanya mbegu chini ya miti ya GC, wanaziotesha na kuuza miche kama GC. Hiyo si GC. Ni kama kupanda tena punje za mahindi chotara uliyovuna: kila mche unakwenda njia yake, na wengi wanakuwa duni kuliko mzazi. Anayenunua hapo analipa bei ya kloni, anapata mbegu, tena mbegu mbaya. Kumtambua muuzaji wa namna hiyo si kazi ngumu. Mwulize akuonyeshe miti mama anayokatia vipandikizi. Mwenye kloni za kweli anayo kitaluni kwake, imekatwa chini na kutunzwa ili itoe machipukizi. Mwulize namba ya kloni, maana kloni isiyo na namba ni sawa na hati ya hisa isiyo na jina la kampuni. Mwulize kisha ilijaribiwa wapi, na kama jibu ni nchi nyingine au mkoa wenye mvua na mwinuko tofauti na wako, bei yake ishuke au uondoke. Kloni iliyochaguliwa kwa joto la Korogwe haina mkataba wowote na baridi ya Makete.

Ukiridhika na majibu hayo, na una lengo la nguzo, na unayo nguvu ya kupalilia miaka ya mwanzo, nunua. Lakini usinunue moja. Chukua kloni nne au tano zenye namba tofauti, kila moja kwenye kipande chake kilichochorwa kwenye ramani ya shamba, na acha angalau robo ya eneo kwa miche ya mbegu ya bustani inayojulikana. Vipande vilivyotengana vitakuwezesha kuona ipi inakufaa, na kuvuna kila kimoja kwa wakati wake bila kuharibu jirani. Kikundi cha wakulima kumi kinaweza kufanya vizuri zaidi kwa kuagiza pamoja na kugawana aina, badala ya kila mtu kukimbilia ile ile inayosifiwa kijiweni.

Kwa waliokwisha kupanda kloni moja shamba zima, wala msing'oe. Tembeeni shambani mwanzoni mwa kila kiangazi, angalieni machipukizi ya juu kama yana vinundu kwenye mshipa wa jani, na andikeni mlichokiona pamoja na tarehe. Na siku ya kukata, kabla ya kuacha visiki vichipue, amueni kwa kumbukumbu hizo kama kloni hiyo inastahili kukaa shambani kwa miaka mingine minane au visiki ving'olewe na eneo lipandwe upya.